Amri ya Nane Wakati wa Kupiga Kura

Katekista anapouliza, «Amri ya nane ya Mungu inakataza nini?», wakatekumeni hujibu kwa sauti moja kwamba inakataza uwongo na ushuhuda wa uwongo juu ya jirani. Jibu hilo ni sahihi. Lakini akiuliza tena ni wapi ushuhuda wa uwongo unapotolewa, wengi hutaja barazani tu, mbele ya waamuzi, pale mtu anapomsingizia mwenzake wizi wa mbuzi au kuhamisha mpaka wa shamba. Ni mara chache mkatekumeni anautaja uwanja wa mpira, siku ile mgombea anapofika na gari lenye kipaza sauti, wanawake wakigawiwa vitenge vyenye picha yake na vijana wakipewa fulana. Hata hivyo ni pale, kwa muda wa siku chache, panaposemwa juu ya jirani maneno mengi kuliko yote yanayosemwa barazani kwa mwaka mzima.

Katika nchi ya Kongo kampeni ina siku zake. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006 huifungua siku 30 kabla ya kura na kuifunga saa 24 kabla yake. Mwaka 2023 ilianza tarehe 19 Novemba, ikaisha tarehe 18 Desemba, na kura ikapigwa tarehe 20. Amri ya Mungu haikupewa siku za kufunguliwa wala za kufungwa. Wapo Wakristu wanaocheka na kusema kwamba maneno ya kampeni ni maneno ya kampeni, kana kwamba katika siku hizo 30 ulimi umepewa likizo. Lakini siku zikiisha, jirani aliyesingiziwa anabaki kijijini, na jina lake limechafuka.

Maandiko Matakatifu yanasimulia kampeni moja ya zamani sana. Habari yake iko katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9.

Gideoni, aliyewaokoa Waisraeli mikononi mwa Wamidiani, alikuwa na wana 70. Watu walipotaka kumfanya mtawala, alikataa. Aliwaambia wazi kwamba yeye hatawatawala, wala mwanawe hatawatawala, kwa maana Mungu ndiye mtawala wao. Basi Gideoni akafa. Alikuwa ameacha mwana mwingine, jina lake Abimeleki, ambaye mama yake alikuwa mtu wa mji wa Shekemu. Huyo akaenda kwa wajomba zake, akawatuma wanong'one masikioni mwa wakubwa wa mji. Maneno aliyowapa yalikuwa mawili tu. La kwanza lilikuwa swali: lipi ni bora, watu 70 wawatawale, au mtu mmoja? La pili lilikuwa ukumbusho kwamba yeye ni mfupa wao na nyama yao.

Swali lile linastahili kupimwa polepole. Kwa masikio lilikuwa swali la busara. Nani anapenda kuwa na mabwana 70, kila mmoja na kodi yake na kazi zake za lazima? Lakini ndani yake ulifichwa uwongo, yaani kwamba wale ndugu 70 walikuwa wanataka kutawala. Baba yao alikuwa amekwisha kuukataa utawala, kwa ajili yake na kwa ajili yao. Wazee wa Shekemu wangeweza kulikumbuka jambo hilo. Kama walikuwa wamelisahau, wangeweza kumtuma kijana mmoja hadi Ofra, nyumbani kwa Gideoni, akawaulize wenyewe. Maandiko hayataji mtu hata mmoja aliyekwenda. Walikubali kuchagua kati ya mambo mawili bila kuuliza kama la kwanza liko kweli.

Neno la pili lilikuwa kweli. Abimeleki alikuwa ndugu yao kwa upande wa mama, na hakuna aliyeweza kukana. Lakini mtu akitaka kujua kama fundi anajua kujenga, haimsaidii kuambiwa kwamba fundi ni shemeji yake. Undugu ulitajwa ili watu waache kuuliza habari za wale 70. Hivyo hata neno la kweli linaweza kufanya kazi ya uwongo, likiwekwa mlangoni ili lizuie swali lisiingie.

Ndipo zikafuata fedha. Wakubwa wa Shekemu walimpa Abimeleki vipande 70 vya fedha kutoka nyumba ya mungu wao Baali. Kwa fedha hizo aliajiri watu ovyo, wasio na kazi, wakamfuata. Wakaenda Ofra, safari ile ambayo hakuna aliyeifanya ili kuuliza, wakawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Aliokoka mmoja, Yotamu, mdogo wa wote, kwa kuwa alijificha.

Yotamu akapanda mlima Gerizimu akawasimulia watu wa Shekemu mfano wa miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa kuacha mafuta yake, mtini ukakataa kuacha utamu wake, mzabibu ukakataa kuacha divai yake. Mwisho miti ikauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja. Tena ukaialika miti yote ije ikae katika kivuli chake. Kila mtu wa kijijini anayejua msitu anaona hapo kichekesho, na anaona huzuni pia. Mti wa miiba hauna kivuli. Haikuwa lazima mierezi mirefu ya Lebanoni iwe na elimu kubwa ili ijue jambo hilo. Ilitosha kutazama chini.

Watu wa Katanga wenye umri wa kutosha hawana haja ya kwenda hadi Shekemu. Mwaka 1992 na 1993, vyama vilipokuwa vikishindania madaraka, wakubwa wa siasa wa jimbo hilo, ambalo wakati ule liliitwa Shaba, walifundisha kwamba taabu ya wenyeji inatoka kwa jirani zao Wakasai. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Walidai kwamba hao ndio waliokamata kazi na nyumba za kampuni ya madini, na kwamba wakiondoka wenyeji watapata sehemu yao. Wengi wa hao waliotukanwa walikuwa wamezaliwa palepale Katanga. Babu zao waliletwa kutoka Kasai tangu wakati wa Wabelgiji, ili wafanye kazi ya migodi na ya reli. Walifukuzwa Likasi, kisha Kolwezi. Mamia elfu ya watu walikimbia. Wengi walikaa majuma na miezi kwenye vituo vya gari la moshi wakingojea safari, na watoto na wazee walikufa pale kwa njaa na magonjwa.

Dai lile lilikuwa la kupimika. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora miji. Mitambo ilikuwa imechakaa, na fedha ya kuitengeneza haikuwapo. Basi kazi zilikuwa zinakufa kabla ya mtu wa kwanza kutupiwa mizigo yake nje. Na mwaka 1994, jirani wengi wakiwa wamekwisha kuondoka, kampuni ilitoa chini ya tani 50,000. Mahali pa kazi iliyoahidiwa palikuwa na vumbi. Mchimbaji yeyote wa Kamoto angeweza kueleza jinsi mgodi ulivyoanguka, kama angeulizwa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wengi wao watu wa batizo moja, waliokwisha kupokea Komunyo pamoja katika kanisa moja.

Si kila neno la kampeni linafika hadi huko. Mengi ni ahadi za daraja, shule, dawa na barabara, na mwenye kuahidi pengine anatabasamu kwa moyo mwema. Tabia hiyo ni ya zamani kuliko wazee wengi wa leo. Kabla ya uchaguzi wa Mei 1960, walikuwako waeneza vyama waliozunguka vijijini wakiahidi kwamba uhuru utaondoa kodi. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni. Tarehe 5 Julai askari walikwisha kuasi, na watu wa vijijini wakaanza kuficha kuku wao.

Namna ya kupima ahadi inafundishwa vizuri na nabii Danieli, katika habari ya Suzana. Wazee wawili walimsingizia mwanamke huyo uzinzi, na baraza zima likawaamini kwa sababu ya mvi zao. Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake jambo dogo linaloonekana kwa macho: ni chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Kwa mti tu, Suzana akaokoka. Danieli hakuwauliza kama wanampenda Mungu, wala kama wanaapa. Wangeapa.

Basi mgombea anayesema kwamba akichaguliwa mbunge, ambaye watu wengi humwita depite, atajenga daraja, na aulizwe mti wake ni upi. Fedha itatoka mfuko gani? Kwa maana, kadiri ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kazi ya mbunge ni kupiga kura ya sheria na kuangalia kazi ya Serikali. Hana sanduku la fedha la kujengea madaraja. Aweza kusimama bungeni na kumwuliza waziri kwa nini daraja halijengwi, na akifanya hivyo kwa uaminifu miaka mitano, amefanya kazi kubwa. Lakini mtu anayeahidi daraja kama vile atalitoa mfukoni, ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua. Yote mawili ni habari nzuri kwa mpiga kura.

Mwingine anaahidi kuwapa watoto shule ya msingi bila malipo. Jambo hilo limeandikwa katika Katiba hiyohiyo, kifungu cha 43, na Serikali ilianza kulitimiza katika shule zake mwezi wa Septemba 2019. Anayeahidi kutoa kile ambacho sheria imekwisha kutoa anauza maji kando ya mto. Afadhali aulizwe atafanya nini pale ambapo mzazi bado anadaiwa fedha mlangoni pa darasa.

Mwingine tena anasema kwamba ametumwa na Askofu, au kwamba padri wa misioni anamtaka yeye. Hilo ni jepesi kabisa kupima. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 inawakataza mapadri kushika ukubwa wa serikali, na inawakataza kushiriki kazi ya vyama vya siasa. Mtu anayetaka uhakika aende misioni akaulize. Njia ni ndefu, ndiyo. Njia ya Ofra nayo huenda ilikuwa ndefu.

Kuna neno la kusema juu ya vitenge, chumvi na fulana. Vipande 70 vya Abimeleki vilitoka katika nyumba ya Baali, na aliyevijaza humo ni nani kama si watu wa Shekemu wenyewe kwa sadaka zao? Ndivyo mara nyingine ilivyo leo: mkubwa anayegawa fedha kwa mkono wa kulia ameitoa katika sanduku la wote kwa mkono wa kushoto, na watu wanapiga makofi kwa kurudishiwa kidogo cha mali yao. Kununua kura kunakatazwa na sheria ya nchi. Mwezi wa Januari 2024, baada ya uchaguzi wa Desemba, Tume ya Uchaguzi ilifuta kura za wagombea 82, na kati yao walikuwamo mawaziri na magavana. Makosa yaliyotajwa ni udanganyifu, rushwa, na kukutwa na mashine za kupigia kura. Katika maeneo mawili, Masimanimba na Yakoma, uchaguzi wa wabunge ulifutwa kabisa.

Hapa wakatekumeni huuliza swali la haki. Mjane maskini amekwisha kupokea chumvi, na yule aliyegawa amemwapisha kwa jina la Mungu kwamba atampigia yeye. Je, kiapo kinamfunga? Hakimfungi. Kiapo cha kutenda jambo baya hakimfungi mtu. Hukosa kwa kukitoa, na angekosa mara ya pili kwa kukitimiza kinyume cha dhamiri yake. Mjane huyo ni huru mbele ya Mungu kupiga kura kadiri anavyoona inafaa kwa watu wote. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1965 kwamba kupiga kura kwa uhuru kwa ajili ya mafaa ya wote ni haki ya raia na ni wajibu wake pia. Dhambi iliyo nzito zaidi ni ya yule aliyetumia njaa ya mjane na jina la Mungu pamoja, ili anunue kitu kisichouzwa.

Lakini wakatekumeni wengi hawasemi katika kipaza sauti, wala hawagawi chumvi. Wao hufikiri kwa hiyo kwamba amri ya nane haiwahusu sana wakati wa kampeni. Kumbe maneno ya Abimeleki yalifika masikioni mwa watu kwa midomo ya wajomba. Kila kampeni ina wajomba wake. Siku hizi neno halingojei hata mguu wa mtu. Linapita katika simu, pamoja na picha na sauti, na aliyelipokea analipeleka kwa watu 50 kabla ya kumaliza kulisikiliza. Fulani ni mgeni, si mtu wa nchi hii. Fulani ameuza msitu wetu. Fulani anakula na waasi. Aliyepeleka husema, «Mimi sikulisema, nimelipitisha tu.» Lakini shahidi wa uwongo barazani naye mara nyingi hupitisha tu alichoambiwa na mwingine. Mafundisho ya Eklezya yanaita kosa la hukumu ya haraka lile la kusadiki ubaya wa jirani bila ushahidi wa kutosha, hata moyoni, hata kwa kunyamaza.

Tena deni la kosa hili ni gumu kulipa. Batizo linaosha dhambi zote, lakini halimrudishi mbuzi aliyeibwa katika zizi la mwenyewe. Mwizi aliyebatizwa bado anamdaiwa. Ni hivyohivyo kwa jina la mtu. Anayetaka batizo na amemsingizia jirani wakati wa kampeni, anadaiwa kurudi kwa wale waliosikia, mmoja mmoja kadiri anavyoweza, na kusema kwamba hakuwa na hakika. Aibu ni kubwa. Walio na haya ya kurudi kwa watu watano wangefikiri kabla ya kupeleka kwa 50.

Kusema kweli kwa hesabu ni kazi inayowezekana hata kwa watu wadogo. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, Maaskofu wa Kongo walituma watazamaji wapatao 40,000 katika nchi nzima. Matokeo yalipotangazwa tarehe 10 Januari 2019, Maaskofu walisema kwamba hayalingani na yale yaliyokusanywa na watazamaji wao. Wakawaomba watu wajiepushe na fujo. Mtu aweza kupenda neno hilo au kulichukia kadiri ya chama chake. Lakini halikuwa uvumi. Nyuma yake walikuwako watu waliokaa kwenye vyumba vya kura tangu asubuhi, wakiandika walichokiona.

Mambo kama hayo hufanyika pia kwa udogo wake katika shirika, wale Wakristu wa mtaa mmoja wanaposali pamoja. Kijiji kiko kando ya mto, tuseme, na daraja lake la miti limechukuliwa na maji. Mgombea wa kwanza amekuja akaahidi daraja la chuma, watu wakashangilia hadi giza. Jioni ya sala, mama mmoja mzee anauliza fedha itatoka wapi, na hakuna anayejua. Wanakubaliana kwamba kila mgombea atakayefika ataulizwa swali hilohilo, wa kabila lao na asiye wa kabila lao, kwa maneno yaleyale, bila matusi.

Wa pili anafika. Mama mzee anasimama na fimbo yake. «Baba, daraja utalijenga kwa fedha ya nani?»

Mgombea anatazama mto. Anajibu kwamba mbunge hajengi madaraja, ila anaweza kuwauliza mawaziri, na kwamba hawezi kuahidi kuwa watamsikia. Makofi ni machache. Vijana wananung'unika kwamba huyu hakuleta hata fulana. Mama mzee anamshukuru, anakaa.

Siku ya kura anavuka mto kwa mtumbwi, anapanga mstari tangu alfajiri, anaingia nyuma ya pazia na kutoka akifuta wino kidoleni. Wajukuu wanamwuliza alimpigia nani. Anawaambia waende kuteka maji.